Mwanga Hausomi Jina

Asubuhi niliyoingia kwenye kazi ya faiba sikuwa natafuta kazi. Nilikuwa natafuta chai. Niliamka Kangemi, kwenye chumba cha rafiki aliyekuwa amechoka kunikaribisha, nikabeba begi langu na kutoka bila kujua kama ningeshika njia ya mjini au ya Uthiru. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nimekuwa turnboi wa lori, mkaanga mandazi, mshika kamba wa mpimaji wa mashamba, mchimba visima. Nikiona kitu nisichokielewa, nasimama. Nikishakielewa, naondoka.

Kando ya Waiyaki Way nikamwona mama mmoja ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mwavuli umefungwa kwenye nguzo juu yake, na mbele yake shimo la barabarani lililofunuliwa. Mikononi alikuwa na nywele. Nywele za rangi, bluu, chungwa, kijani, anazitenganisha moja moja.

"Mama," nikamuuliza, "unasuka nani?"

"Nasuka serikali," akasema bila kuinua kichwa. "Toka kwa mwanga wangu."

"Hizo ni nini?"

"Kioo."

"Kioo hakipindi."

"Hii inapinda kuliko maswali yako. Kama hutaki kuenda, shika hapa."

Nikashika. Nilishika mpaka jioni, na chai nilikunywa siku iliyofuata. Huyo ndiye Philomena, mwalimu wangu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mtu wa Busia, aliyeanza na waya za shaba za simu wakati hata mimi nilikuwa sijazeeka. Leo nimestaafu, na ninyi vijana mnaotoka vyuoni na vyeti vyenu mnaniuliza mtu wa darasa la saba alijifunza wapi mambo ya matabaka ya mtandao. Nilijifunza kwake, na nililijua somo vizuri siku nilipokaribia kumfukuzisha kazi.

Lakini kwanza niwape ya mkono, maana ya kichwa mtayapata vitabuni.

Ncha ya uzi usiiguse kwa kidole, hata kama umenawa kwa sabuni ya harusi. Mafuta ya ngozi yako ni mlima mbele ya mwanga. Futa kwa spiriti, mara moja, upande mmoja, kisha usiipulizie. Nimeona fundi mwenye digrii akiipulizia kama chai ya moto. Vipande vya kioo unavyokata, vitie kwenye chupa yenye kifuniko, vyote, na uvihesabu. Mimi nilipuuza, kimoja kikaingia kwenye mkate wangu wa saa nne, na Philomena alinitazama nikitema damu kidogo, akasema, "Umejua kwa nini mimi hula nikimaliza." Hiyo ilikuwa pole yake.

Zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, kuunganisha uzi mmoja kulikuwa kama kutia uzi kwenye sindano ukiwa juu ya ngamia. Mashine za sasa zinalinganisha zenyewe, zinachoma, zinakupigia mlio kuwa tayari. Nazifurahia. Lakini mashine haijui kama umesafisha. Inakuamini tu.

Sasa matabaka. Ofisi yetu, iliyopewa kandarasi ya kutunza nyaya za upande huo wa Nairobi, na iliyonipa kazi na chumba cha mafundi pale Kangemi, ilikuwa na ubao mweupe, na juu yake Injinia Mutua, mkubwa wetu, alichora ngazi saba. Ya chini kabisa umbo, ya pili kiungo, ya tatu mtandao, akapanda hivyo hivyo mpaka juu. Nilitoka mkutanoni nikiwa na ngazi na sijui inaegemea nini. Philomena akanieleza tukila githeri nyuma ya pikapu.

"Tuseme mama yako amekutumia kuku kutoka nyumbani, kwa basi."

"Mama alishafariki."

"Pole. Basi shangazi."

"Shangazi hawezi kunitumia kuku."

"Basi *mimi* nimekutumia! Sikiza. Barabara ndiyo tabaka la kwanza. Lami, madaraja, mashimo. Kwetu hiyo ni kioo, mwanga, rangi ya mwanga, zile vichwa za kuchomeka. Barabara inajua jina yako?"

"Hapana."

"Haijui. Inabeba tu. Basi ndilo tabaka la pili. Makanga anasoma lebo kwa kikapu: huyu anashuka kituo gani. Hasomi zaidi. Tabaka la tatu ni anwani yako kamili, mji, mtaa, mlango. Hata kuku akibadilisha basi mara tatu, anwani haibadiliki. La nne ni mimi kukupigia simu: nilituma sita, umepata ngapi? Ukisema tano, natuma mmoja tena."

"Na kuku mwenyewe?"

"Kuku yuko juu huko, tabaka la saba, kwa sahani. Injinia hula tu, hajui amefikaje."

Kisha akainua kijiko, akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa kila fundi niliyemfunza: "Kuku asipofika, usianze kumlaumu kuku. Anza barabarani, panda juu. Na ukipata barabara ni nzima, *acha barabara*. Usichimbe lami kwa sababu makanga amekosea kusoma."

Mnaniuliza pia, hii faiba ya nyumbani ni ya tabaka gani? Jibu ni kwamba ina mguu mmoja hapa na mmoja pale. Kutoka kituo chetu uzi mmoja unakwenda mtaani, unaingia kwenye kigawanyaji, unatoka nyuzi thelathini na mbili, kila moja na nyumba yake. Kigawanyaji hakina umeme, hakina akili, ni kioo tu. Kwa hiyo mwanga unaoteremka kutoka kituoni unafika kwa wote sawasawa. Barua ya jirani inapita sebuleni kwako kila sekunde. Kinachokuzuia kuisoma ni kile kisanduku cheupe ukutani: kina namba yake ya kuzaliwa, kinachukua kilichoandikwa namba hiyo tu, na vingine vimefungwa kwa kufuli. Na wakati wa kupandisha, nyumba zote haziwezi kusema pamoja, zitagongana. Kituo kinatoa zamu, kama mwenyekiti wa chama cha akina mama: wewe sema, nyamaza, sasa wewe. Rangi ya mwanga na nguvu yake ni mambo ya tabaka la kwanza. Zamu na namba ni ya tabaka la pili. Anwani za intaneti hupanda juu yake bila kujua chini kuna kioo, shaba au hewa. Huko ndani ya mitambo mikubwa kuna itifaki nyingine ambayo mainjinia wenyewe husema ni ya tabaka la mbili na nusu. Nilipoisikia nilifurahi. Hata waliosoma wana mambo yasiyoingia kwenye chumba.

Philomena alikuwa na ya kwake zaidi. "Tabaka sifuri," alisema, "ni jembe." Na kweli, hakuna kilichotukosesha usingizi kama watu wa kuchimba barabara.

Kuna mteja wetu Kangemi ambaye intaneti yake ilipotea kila Jumamosi. Jumatatu iko, Ijumaa iko, Jumamosi mchana imekufa, jioni imefufuka. Mafundi wawili wenye elimu walibadilisha kisanduku, wakabadilisha mipangilio, wakaandika ripoti. Philomena akanituma nikakae pale Jumamosi, nisiguse kitu, nitazame tu. Saa tano jirani akatoka na blanketi lililolowa maji, akalitupa juu ya waya wetu kati ya nyumba mbili. Uzi ukapinda, mwanga ukamwagika pale kwenye pindo. Blanketi lilipokauka, akalitoa, intaneti ikarudi.

"Mama, hiyo si kamba ya kuanika."

"Sasa mbona mmeifunga hapo mahali pazuri hivyo?"

Nilimnunulia kamba.

Hapo nilianza kujiona bingwa, na anayejiona bingwa hutembea kichwa juu, hatazami begi lake. Sasa niwaambie la Jumatatu ile.

Trekta ya kuchimba ilikata kebo yetu Ngong Road, karibu na Adams Arcade. Philomena akaenda kuunganisha. Siku hiyo hiyo umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza visanduku viwili vya wateja waliokuwa kwenye kigawanyaji kimoja. Kimoja kilikuwa cha kliniki ndogo ya eksirei pale Adams, ya Bi Nasreen. Picha akishapiga, huzituma kwa daktari wa kuzisoma aliye hospitali kubwa mjini, kwa njia yake maalum, na daktari hujibu mgonjwa akiwa bado ameketi. Kingine kilikuwa cha Mzee Sandhu wa Jamhuri, Singasinga aliyestaafu kuunda mabodi ya malori, anayetumia intaneti kutazama kriketi na kuongea na wajukuu.

Nilipewa visanduku vipya viwili. Ofisi ilikuwa imeshaviandikisha kwa namba, kila kimoja kwenye katoni yake, na katoni imeandikwa jina la mteja. Mimi, mtu ambaye maisha yake yote yaliingia kwenye begi moja, sikupenda katoni. Zinajaza nafasi bure. Nikavitoa, nikazitupa katoni, nikavitia visanduku begini, nikatembea mwepesi. Vinafanana kama mayai. Kila mahali nilichomeka, taa ikawa kijani, nikapima mwanga, mzuri, nikatia sahihi.

Jumatano Bi Nasreen akapiga simu: intaneti iko, anaweza kusoma habari za dunia nzima, lakini picha hazifiki kwa daktari. Alikuwa anazitia kwenye flashi na kumpa mtu wa bodaboda, na wagonjwa wanaambiwa warudi kesho.

Injinia Mutua alitazama kompyuta yake. Visanduku vyote kijani. Akasema, "Kila kitu kilikuwa sawa mpaka Philomena akafungua hiyo kebo. Kiungo kinavuja. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakatika."

"Mwanga haufanyi hivyo, Injinia," Philomena akasema.

"Basi nieleze unafanya nini."

Philomena akarudi Adams. Akafungua kiungo, akakirudia. Alhamisi akakirudia tena, na mimi namshikia mwavuli. Kipimo kilikuwa kizuri kabisa. Picha haziendi. Injinia akasema Ijumaa saa sita mchana, picha zikiwa bado hazijaenda, Philomena arudishe mashine ya kuunganisha ofisini. Mashine ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakukuwa na Philomena wa ofisini.

Jioni ile, akifunga vifaa, aliinua uzi kwenye jua na kuutazama kwa muda mrefu. "Labda ni macho yangu," akasema. "Labda nimezeeka na hakuna mtu ameniambia." Miaka yote sikuwahi kumsikia akisema *labda*.

Ijumaa asubuhi nilitumwa Jamhuri kurekebisha nguzo iliyoinama. Mzee Sandhu akaniona kutoka langoni.

"Bwana fundi! Kuja, kuja. Wewe fundi mzuri sana. Tangu Jumatatu hii kitu nakimbia kama iko na nyuki nyuma."

Nikacheka, nikavimba kichwa. "Asante mzee."

"Hapana, angalia." Akanionyesha simu yake, alikuwa amepima mwendo wa intaneti. "Mimi naomba kidogo tu ya kriketi. Sasa iko mara tano. Ofisi yako imenipenda?"

Nikaacha kucheka. Hakuna ofisi inayompenda mtu mara tano. Nikakumbuka sahani, basi, lebo. Barabara haijui jina. Mwanga unafika kwa wote, na taa ya kijani inasema tu kwamba kisanduku kimesikia namba yake. Haisemi kiko ukutani kwa nani.

Nilikuwa na karatasi ya Jumatatu mfukoni, yenye namba na majina. Nikakigeuza kisanduku cha Mzee, nikasoma namba tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, kwa kidole. Ilikuwa ya kliniki. Ile njia maalum ya kwenda kwa daktari ilikuwa inaishia sebuleni Jamhuri, ikitazama kriketi. Na Bi Nasreen alikuwa na intaneti ya kawaida ya nyumbani, ndiyo maana alisoma habari lakini daktari hakumtambua.

Sasa nisikilizeni hapa. Ningeweza kuvibadilisha kimya kimya. Dakika kumi. Picha zingekwenda, na hakuna ambaye angejua. Lakini Philomena alikuwa pale Adams wakati huo huo akirudia kiungo mara ya tatu. Picha zikienda, kila mtu angesema: mnaona, cha nne ndicho kizuri, vitatu vya kwanza alivunja. Kimya changu kingekuwa ushahidi dhidi yake, na yeye mwenyewe angeuamini.

Nikachomoa kisanduku. "Mzee, nitarudi."

"Unapeleka wapi mwendo yangu?"

Nilikimbia. Kutoka Jamhuri mpaka Adams si mbali, ila kwa mtu wa umri wangu aliyebeba begi ni mbali. Niliwakuta wote kliniki: Bi Nasreen amevaa koti lake jeupe, Injinia anatazama saa, Philomena mlangoni na mashine tayari ameifunga kwenye sanduku lake.

"Msiguse kiungo," nikasema. "Kiungo ni kizima tangu Jumatatu. Ni mimi."

Nikachomoa kisanduku chao, nikachomeka kile cha Jamhuri. Taa ikawaka nyekundu, ikapepesa, ikawa kijani. Bi Nasreen akabonyeza. Tukatazama mstari ukijaa kwenye skrini. Simu yake ikalia.

"Daktari anasema zimefika zote," akasema. "Hata za juzi."

Nikaeleza. Injinia hakupiga kelele. Alisema tu, "Leta kitambulisho cha kazi. Na ile room ya Kangemi ni ya mafundi wa kampuni."

Philomena alikuwa ananitazama mimi. "Ulitoa kwa katoni?"

"Zilikuwa zinajaza begi."

"Wewe na hiyo begi yako." Akapumua. Kisha akageuka. "Injinia. Niambie hapa mbele ya mteja. Kiungo yangu ni mzuri ama ni mbaya?"

"Mama, tutaongea ofisini."

"Hukunishtaki ofisini."

Bi Nasreen akakunja mikono, naye akasubiri.

"Ni kizuri," Injinia akasema.

"Sijasikia."

"Kiungo ni kizuri, mama. Vyote vinne."

Nimeunganisha nyuzi nyingi tangu siku ile, maana mwezi ulipopita Injinia mwenyewe alinipigia nirudi, na nilifanya kazi ile mpaka magoti yakakataa nguzo. Nimefunza mafundi ambao leo ni wakubwa. Lakini mkiniuliza najivunia nini, ni sentensi ile, ambayo haikuwa yangu.

Nilipokuwa natoka, Philomena alinifuata mpaka kwenye ngazi, akatoa kalamu nene nyeusi aliyokuwa akiandikia kebo zake na utepe wa kubandika. "Shika. Kila kitu kiandikwe jina. Hata wewe."

Nilikuwa na kisanduku kimoja cha mwisho cha kupeleka. Nilikiandika *Sandhu, Jamhuri*, ingawa sasa kilikuwa peke yake begini na hakikuwa na cha kuchanganywa nacho. Nikatembea polepole. Sikuwa na chumba, wala mpango, na hilo halikuwa geni kwangu. Geni ilikuwa ni kwamba sikutaka kwenda popote.

Mzee Sandhu aliketi karibu nami nikichomeka. Akapima. Sura ikamwanguka.

"Sasa iko kama punda."

"Hiyo ndiyo yako, mzee. Ile ilikuwa ya kliniki. Nilikosea mimi, nimefutwa kazi. Samahani."

Akanitazama, akalitazama begi. "Na nyumba?"

"Ilikuwa ya kazi."

Akachezea bangili yake ya chuma. "Mimi miaka arobaini naunda bodi ya lori," akasema. "Fundi nakata mbaya, naficha na rangi. Wote naficha. Wewe unarudisha kitu na mimi sijui hata kama sio yangu." Akainuka, akafungua droo, akatoa funguo. "Nyuma kuna SQ, chumba ya mfanyakazi. Dereva yangu alitoka. Siku ngapi unakaa?"

Nilitaka kusema sijui, kama nilivyowaambia watu wote maisha yangu.

"Mbili, tatu," nikasema.

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kutazama mpapai, kitanda cha chuma, rafu ya mbao aliyoiunda mwenyewe. Nikatoa vitu vyote kwenye begi, nikavipanga, nikalikunja begi, nikalitia chini ya godoro. Kisha nikakata kipande cha utepe, nikaandika jina langu kwa ile kalamu, herufi kubwa, nikalibandika mlangoni, kwa nje.